Deni Ambalo Hernani Hakuwa Nalo

Katika sehemu ya tatu ya Hernani, tamthilia ya kishairi ya Victor Hugo, kijana anayesakwa na mfalme anavua baragumu lake na kumkabidhi mzee aliyemficha nyumbani kwake. Anamwapia kwamba siku yoyote, saa yoyote, popote pale, mzee akiona inafaa afe, alipulize tu, naye atakufa. Anaapa kwa kichwa cha baba yake. Katika sehemu ya tano, usiku wa harusi ya kijana huyohuyo, baragumu linalia gizani, na mchezo unapofungwa maiti tatu zimelala jukwaani. Je, Hernani alikuwa anadaiwa roho yake? Wahenga wetu wametufundisha kwamba ahadi ni deni, na wengi wanaoisoma tamthilia hii darasani huifunga wakiamini kwamba kijana alikufa kwa kulipa deni halali, la kutisha, lakini halali. Mimi nashikilia kwamba deni hilo halikuwepo tangu siku lilipotamkwa. Zaidi ya hapo, nashikilia kwamba Hugo mwenyewe ametuwekea ndani ya maandishi ushahidi wa kutosha kulikana, na kwamba mwalimu anayeupita ushahidi huo anawanyima wanafunzi wake kiini cha kazi yenyewe.

Ni rahisi kuona kwa nini unapitwa. Hernani ni tamthilia iliyozaliwa katika ugomvi, na ugomvi ni mtamu kufundisha. Usiku wa tarehe 25 Februari 1830, katika ukumbi wa Comédie-Française mjini Paris, vijana waliomuunga mkono Hugo walikabiliana na watetezi wa sanaa ya zamani, huku Théophile Gautier, kijana wa miaka 18, akiwa amevaa kizibao chekundu kilichowakera wazee. Ugomvi ulianza tangu mistari miwili ya mwanzo. Ushairi wa Kifaransa wa jukwaani ulikuwa na mistari ya mizani 12 yenye kituo katikati, na mstari ulitakiwa ukamilike wenyewe. Hugo alifungua mchezo wake kwa mstari mshata, nomino ikabaki juu na sifa yake ikaangukia mstari wa pili. Kisha akavunja kanuni ya mahali pamoja na wakati mmoja, akatutoa Saragossa, akatupitisha katika ngome ya milima ya Aragon, akatufikisha kwenye kaburi la Charlemagne mjini Aachen. Haya yote yanastahili kufundishwa. Lakini vipindi huisha, na mara nyingi kinachobaki kwa ajili ya sehemu ya tano ni sentensi moja tu: Hernani alikufa kwa sababu ya heshima. Jina la pili la tamthilia, Heshima ya Kikastilia, linachukuliwa kuwa jibu, ilhali lingeweza kusomwa kama swali. Mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu, anayezungumza Kiswahili nyumbani na kusoma kwa Kifaransa shuleni, ana haki ya kupewa zaidi ya hapo, kwa kuwa suala la kiapo analijua tangu utotoni, msikitini au kanisani.

Tuanze na deni lenyewe. Deni halizaliwi na maneno peke yake. Lazima anayeahidi awe na mamlaka juu ya kitu anachokiahidi. Mtu akiweka rehani shamba la jirani yake, hata akiapa mbele ya mashahidi mia, mkopeshaji hapati shamba. Ndivyo ilivyo kwa kiapo cha Hernani. John Locke aliandika mwaka 1689 kwamba mtu hawezi kumpa mwingine mamlaka juu ya uhai wake, kwa sababu hata yeye mwenyewe hana mamlaka ya kuutoa. Thomas Hobbes, ambaye hakukubaliana na Locke katika mengi, alikuwa ameshasema mwaka 1651 kwamba ahadi ya kutojikinga na kifo kinachokujia kwa nguvu ni batili. Muumini atalisema jambo hilo kwa njia fupi zaidi: uhai ni amana ya Mungu, na mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuigawa. Tena tazama alichokishika Hernani alipoapa. Mtume Muhammad aliwakataza watu kuapa kwa baba zao. Yesu, katika hotuba ya mlimani, alimkataza mtu hata kuapa kwa kichwa chake mwenyewe, kwa kuwa hawezi kuugeuza unywele mmoja kuwa mweupe au mweusi. Hernani amekusanya makatazo yote mawili katika pumzi moja: ameapa kwa kichwa, na kichwa chenyewe ni cha baba.

Atasimama mtu na kusema kwamba haya ni mawazo yetu, na kwamba mtu wa Hispania ya mwaka 1519, mwaka ambamo Hugo ameiweka hadithi yake, aliishi kwa sheria nyingine. Pingamizi hili lina sura ya heshima kwa historia, lakini historia yenyewe inalikataa. Mafundisho kwamba kiapo kibaya hakifungi yalikuwa makongwe tayari wakati huo. Tangu enzi za Ambrosi wa Milano wakristo walikuwa wakimtaja Herode, aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji kwa sababu tu alikuwa ameapa mbele ya wageni wake, kama mfano wa mtu aliyefanya dhambi ya pili kwa kutimiza ya kwanza. Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alimjadili Yeftha wa kitabu cha Waamuzi, aliyeweka nadhiri iliyomfikisha kwenye kumtoa binti yake, akaafiki hukumu ya wazee wa kanisa kwamba alikosea kwa kuahidi na akakosea vibaya zaidi kwa kutekeleza. Miaka 11 baada ya mwaka wa hadithi yetu, Francisco de Vitoria alitoa mhadhara huko Salamanca kuhusu uuaji, akitetea kwamba mtu haruhusiwi kujiua. Wala si wakristo peke yao. Waislamu wa ufalme wa Aragon, ambao Saragossa ulikuwa mji wake mkuu, walikuwa bado wakiishi kwa dini yao mwaka 1519. Amri ya kuwabatiza kwa lazima ilikuja miaka sita au saba baadaye. Katika mji uleule ambamo baragumu linalia, basi, kulikuwa na watu waliojua kwamba Kurani imekataza kumfanya Mungu kuwa kizuizi cha kutenda mema kwa kisingizio cha kiapo, na kwamba aliyeapa kisha akakivunja kiapo chake ana kafara: kuwalisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Hernani hakukosa njia kwa sababu ya zama zake. Njia zilikuwepo, na watu wa zama zake walizipita.

Lakini ushahidi ninaoutegemea kuliko wote umo ndani ya mchezo wenyewe, katika sehemu ya nne, na nashangaa jinsi unavyosahaulika. Kiapo cha baragumu si kiapo pekee cha Hernani. Anacho kingine, kikongwe zaidi na kitakatifu zaidi machoni pake. Baba yake aliuawa kwa hukumu ya mfalme aliyepita, naye tangu utotoni ameapa kumlipizia kwa mwana wa mfalme huyo, Don Carlos. Kiapo hicho ndicho kilichomfanya akae msituni na kuongoza kundi la majambazi, yeye aliyezaliwa Juan wa Aragon, mtu wa ukoo mkubwa. Ndicho kilichomfikisha kwenye kaburi la Charlemagne, ambako waliokula njama walipiga kura ya kumuua Carlos na kura ikamwangukia yeye. Hapo ndipo yule mzee, Don Ruy Gomez, alipomwomba amwachie nafasi hiyo, na kwa malipo akajitolea kumrudishia baragumu. Hebu tulitazame tukio hilo kwa karibu. Uhai wa Hernani umewekwa mbele yake, anaweza kuuchukua, na anakataa: kisasi kwake ni bora kuliko roho. Kurasa chache mbele, Carlos, ambaye sasa amechaguliwa kuwa kaisari, anawasamehe wote, anamrudishia kijana jina lake na kumwoza Doña Sol, mwanamke anayempenda. Hernani anafanya nini? Anasema chuki imemtoka. Kiapo cha baba kimeachwa, mbele ya watu, bila kafara wala kusitasita, na hakuna hata mmoja jukwaani anayemwita mvunja ahadi. Hadhira inashusha pumzi. Sote tunajua moyoni kwamba ametenda vyema.

Sasa linganisha. Viapo viwili, vyote kwa jina la baba mmoja. Kimoja kilikuwa cha kumuua mtu mwingine, kingine cha kujiua mwenyewe. Kama cha kwanza kiliweza kuachwa kwa sababu kilikuwa cha damu na sababu yake imekwisha, cha pili kingewezaje kubaki, ilhali nacho kilikuwa cha damu na sababu yake imekwisha vilevile? Maana baragumu lilitolewa kwa kusudi maalumu: mfalme alikuwa amemchukua Doña Sol, na Hernani alitaka aachwe hai ili washirikiane na mzee kulipiza. Doña Sol amerudi. Kisasi kimefutwa, na Ruy Gomez naye amesamehewa pamoja na wengine. Kilichobaki mkononi mwa mzee ni chombo tu, na wivu. Hapa ndipo ninapoona kina cha Hugo. Hernani ni mtu aliyepata nguvu ya kumsamehe adui yake lakini hakupata nguvu ya kujihurumia mwenyewe. Hilo ni jambo la kweli kuhusu binadamu, na ni la kusikitisha kuliko heshima yoyote ya Kikastilia.

Ruy Gomez naye asisomwe kama sura ya sheria. Katika sehemu ya tatu ni mtu mkubwa kweli. Mfalme amefika ngomeni kudai jambazi aliyejificha, na mzee anampitisha mbele ya picha za mababu zake, moja baada ya moja, akieleza nani alifanya nini na nani hakuwahi kusaliti, mpaka anafika kwenye picha yake mwenyewe, ambayo nyuma yake Hernani amefichwa. Mfalme anatishia, mzee anatoa kichwa chake kiwe badala ya cha mgeni. Mfalme anadai ama mgeni ama Doña Sol, ambaye mzee alikuwa amuoe siku ileile. Mzee anateseka, anaijongelea picha, kisha anarudi na kumtoa mchumba wake kuliko kumtoa mgeni. Hakuna msomaji wa Pwani anayeijua haki ya mgeni asiyemheshimu hapo. Lakini mtu huyohuyo ndiye anayekuja harusini katika vazi jeusi na kinyago, akimpa bwana harusi achague kisu au sumu. Hernani anaomba angojewe hadi kesho, anakataliwa. Mlinzi wa uhai wa mgeni amekuwa mdai wa uhai huo. Anachotaka kukihifadhi si jina la mababu tena: anataka Doña Sol asilale mikononi mwa mwingine. Na Doña Sol analiona hilo mara moja. Yeye ndiye pekee usiku ule anayeisema hoja ninayoitetea hapa: kwamba hakuna kinachomfunga mumewe, kwamba jambo lenyewe ni uhalifu na wazimu. Anatisha kwa kisu, halafu anapiga magoti, halafu, alipoona wanaume wawili wameshikana na neno kuliko na uhai, ananyakua kichupa, anakunywa nusu na kumwachia mumewe fungu lake. Darasani huitwa mwanamke wa mapenzi. Mimi naona tumwite pia mwanamke wa hoja.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Roma. Regulus, jemadari aliyetekwa na Karthago, alitumwa kwao kushauri wafungwa wabadilishane, baada ya kuapa kwamba shauri likishindikana atarudi. Alipofika alilishauri baraza likatae, kisha akarudi kwa maadui kama alivyoapa, na mapokeo yanasema waliyakatisha maisha yake kwa mateso. Cicero alimtukuza mwaka 44 kabla ya Kristo, na vizazi vingi vya wanafunzi wa Ulaya vimelelewa kwa hadithi hiyo. Kama Regulus ni shujaa, kwa nini Hernani si shujaa? Kwa sababu Regulus hakuapa kufa, aliapa kurudi. Kurudi kulikuwa ndani ya mamlaka yake. Mauaji yalikuwa dhambi ya waliomuua. Tena alirudi ili neno la Roma liendelee kuaminika hata kwa maadui, jambo lililowafaa wengi. Vivyo hivyo mzee Ruy Gomez alipotoa kichwa chake kwa ajili ya mgeni: kama angeuawa, kifo chake kingenunua uhai wa mtu. Mwanajeshi anayebaki nyuma wenzake waokoke, mama anayeingia motoni kumtoa mwanawe, hawa hatubishani nao. Kifo cha Hernani hakimwokoi mtu yeyote. Ndicho chenyewe kitu kilichoahidiwa, na hakina matunda zaidi ya kuuridhisha moyo uliochomwa na wivu. Na ni Cicero huyohuyo, katika kitabu hichohicho, anayesema kwamba aliyekuwekea upanga wake akiwa na akili timamu, akija kuudai akiwa amepandwa na wazimu, si wajibu wako kumrudishia.

Kuna na hofu ya kawaida zaidi, ambayo mwalimu yeyote mwenye busara ataihisi: tukiwaambia vijana kwamba kiapo kinaweza kuwa batili, je, hatuwafundishi kuvunja kila ahadi inapowauma? Hofu hii naiheshimu. Ahadi isiyogharimu kitu si ahadi, na jamii ambayo neno lake halishiki haiwezi hata kuuziana samaki. Lakini kusema kwamba Hernani hakudaiwa roho si kusema kwamba hakudaiwa kitu. Alidaiwa sana. Mzee alimficha, akamkinga, akapoteza mchumba kwa sababu yake. Yote hayo yanadai shukrani, utumishi, mali, pengine hata kujitenga na nchi, na aibu ya kukubali hadharani kwamba aliapa kipumbavu. Mafundisho ya kafara yana hekima hiyo hasa: hayamwachi mtu aondoke huku akipiga mluzi, yanamwambia alipe, ila alipe kwa kuwalisha walio hai. Kufa kwa Hernani, kwa kweli, ni njia ya mkato. Kuishi na lawama za Ruy Gomez, na kumlipa mwaka baada ya mwaka kwa vitu visivyoweza kamwe kutosha, kungekuwa kugumu zaidi na kungehitaji ushujaa mkubwa zaidi.

Na msomaji wa fasihi atalalamika kwamba nikilifuta deni nimeifuta tamthilia. Sivyo. Janga la jukwaani halihitaji deni la kweli. Linahitaji mtu anayeliamini. Herode hakufungwa, na kichwa cha Yohana kilikatwa. Anayetaka kuona tofauti auangalie uamuzi wa Verdi, ambaye aliitumia hadithi hii kwa opera yake Ernani, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Venice mwaka 1844. Kule kijana anajichoma kisu, bibi harusi anazimia, na mzee anabaki hai amesimama, deni lake limelipwa. Hugo hakumalizia hivyo. Baada ya wapenzi wawili kufa, anamwacha Ruy Gomez aitazame maiti ya Doña Sol na kutamka kwa kinywa chake kwamba amelaaniwa, kisha ajiue. Mdai halali, aliyelipwa stahiki yake, angelaaniwa kwa lipi? Ukumbuke pia kwamba mwaka mmoja kabla, 1829, Hugo alikuwa amechapisha Siku ya Mwisho ya Aliyehukumiwa Kifo, kitabu kinachopinga dola kumuua hata mhalifu. Vigumu kuamini kwamba aliyekataa kuwapa bunge, mahakama na mnyongaji haki ya kuutoa uhai wa mtu angempa haki hiyo mzee mmoja mwenye baragumu.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu ni dogo na la wazi. Vita vya mwaka 1830 vifundisheni, na mizani, na kizibao cha Gautier. Lakini acheni kipindi kimoja kizima kwa kurasa za mwisho. Wapeni wanafunzi sehemu ya nne na ya tano zikiwa bega kwa bega, waulizeni kwa nini kiapo kimoja kiliachwa na kingine kikaua watu watatu, kisha mchagueni msichana au mvulana mwenye sauti nzuri ayasome maneno ya Doña Sol, taratibu, mpaka mwisho, na darasa limjibu.